Ni komedi gani ya runinga inayoweza kuwakusanya bibi, watoto na wajukuu sebule moja?

Kitindamimba (Butere) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, lakini nyumbani kwetu limekuwa gumzo la wiki nzima.

Tumezaliwa sita, na mimi ndimi kitindamimba. Tulilelewa Nairobi, katika nyumba za reli za Makongeni, kwa sababu baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na alipokaribia kustaafu akatuhamishia Butere, kwenye shamba alilokuwa amelinunua kidogo kidogo kwa mshahara wake. Baba alitutoka miaka kadhaa iliyopita. Mama yupo, ana nguvu zake, na bado anajua ni mjukuu yupi anayekunywa chai ya rangi na yupi asiyeigusa bila maziwa. Ninapowasikia wenzangu kazini wakieleza jinsi ndugu wa tumbo moja wanavyoburutana mahakamani kwa ajili ya ardhi, ninajiona nimebahatika kuliko ninavyostahili. Dada yetu mkubwa aliahirisha harusi yake ili karo yangu ya kidato cha nne ipatikane, na hadi leo hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yangu. Nililisikia kwa shemeji, tena baada ya miaka mingi. Kaka yetu aliye Doha ndiye hufungua siku kwa ujumbe wa sauti katika kundi letu la WhatsApp, na mtu asipoitikia kufikia adhuhuri, simu huanza kupigwa za kumtafuta.

Kuna kitu kingine kilichotuunganisha utotoni, nacho ni Vitimbi, ile komedi ya runinga ya taifa. Kule Butere tulikuwa na runinga ya Great Wall ya inchi 14, picha nyeusi na nyeupe, iliyoendeshwa kwa betri ya gari, na betri hiyo ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni ili kuchajiwa karibu na poshomili. Kwa kuwa chaji haikutosha kila kitu, mama alikuwa radhi baba aikose taarifa ya habari, mradi runinga isizimike kabla Mzee Ojwang, mzee mjanja wa komedi hiyo, hajapatwa na lililokuwa likimngoja. Mmoja wetu alisimama nje akiuzungusha mlingoti wa erio, mwingine alikaa dirishani akipaza sauti kwamba picha imekuja au imekwenda, na waliobaki walijipanga mkekani. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi na hata kicheko chake hakikuwa na sauti. Ulijua amefurahi kwa kuyatazama mabega yake yakitikisika.

Sasa mama ametoa amri. Anasema Krismasi iliyopita nyumba ilijaa watu lakini sebule ilikuwa kimya, kila mmoja ameinamia simu yake, na kwamba safari hii anataka jioni moja tuketi pamoja, tutazame komedi moja, tucheke jambo moja. Kazi ya kuichagua amenikabidhi mimi, kwa sababu ndimi ninayejua kuunganisha simu na runinga. Tatizo ni kwamba wajukuu wana umri wa kuanzia miaka 4 hadi 19, na mmoja wao, nilipomwonyesha kipande cha Vitimbi kwenye simu yangu, aliniuliza kwa heshima zote, "Anti, mbona hawa watu wanachukua muda mrefu kufika kwenye kichekesho?" Je, familia zenu hutazama nini pamoja? Na je, yuko aliyefaulu kuwachekesha vijana wa leo kwa komedi za wakati wetu, au nitafute kitu kipya ambacho mama naye atakifuata bila kutafsiriwa kila sentensi?

Mzee wa Erio (Machakos) anajibu:

Binti yangu, mpe mama salamu zangu, na mwambie kwamba amri yake imenifurahisha.

Mimi nilikuwa kijana Nairobi wakati Vitimbi ilipoziteka nyumba za watu katika miaka ya 1980. Kituo cha runinga kilikuwa kimoja tu nchini, Sauti ya Kenya, ambacho mwaka 1989 kilirudia jina lake la zamani la KBC, na kituo kingine, KTN, hakikuanza hadi mwaka 1990. Hakukuwa na ugomvi wa rimoti kwa sababu hakukuwa na pa kuhamia. Jirani yangu aliiweka runinga yake ndani ya kabati lenye milango miwili na kufuli, ufunguo ukikaa kwenye mfuko wa koti, na watoto wa ploti nzima walimwamkia kwa adabu kubwa zaidi siku ya Vitimbi kuliko siku nyingine yoyote. Nasema hivi ili tusiwaonee wajukuu: hatukukusanywa na mapenzi ya familia peke yake, tulikusanywa pia na uhaba, na mtoto mwenye simu yake mfukoni hana uhaba huo.

Hata hivyo, uhaba hauelezi kwa nini tulicheka. Tulichekeshwa na Ojwang na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang, alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili chake cha Kijaluo kilikuwa kimekaa sawasawa mdomoni hata watu wengi waliapa kwamba ametoka Nyanza. Mary Khavere, aliyekuwa Mama Kayai, alikabiliana naye kwenye kioo kwa miaka mingi, na watazamaji wengi waliamini kwamba wawili hao ni mume na mke hata nyumbani kwao. Wanjau alipofariki tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78, jambo la kwanza ambalo mke wangu aliuliza ni nani amekwenda kukaa na Mama Kayai.

Sasa, kuhusu lawama ya mpwa wako kwamba wanachelewa kufika kwenye kichekesho. Nadhani anangoja mzaha usemwe, ilhali mzaha ulianza zamani. Katika komedi za aina ile, mtazamaji anaujua uongo wa mzee tangu mwanzo, na raha yote ni kumtazama akiupamba, miwani ikimteremka puani, huku mke akimwacha ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe. Kwenye kioo cha simu hayo hayaonekani. Kwa hiyo usiwape vipande. Weka kipindi kizima kwenye runinga kubwa, na mama mketishe mahali ambapo wajukuu watauona uso wake, kwa maana mtoto asiyemjua Ojwang anamjua bibi yake, na akimwona bibi ameshika mbavu ataanza kutafuta sababu.

Jambo moja la ziada: kama unaogopa kwamba Vitimbi itawachosha, jaribu Vioja Mahakamani. Kila kipindi kina kesi zake zinazoanza na kumalizika, mshtakiwa anajikanganya mwenyewe kizimbani, na hukumu inatolewa mbele ya macho yenu. Kwangu sisi husimamisha picha kabla ya hukumu, kila mmoja anasema atakavyohukumu yeye, na atakayekosea ndiye anayeosha vyombo vya usiku. Mdogo wetu kuliko wote ana hukumu kali ajabu. Hata mwizi wa kuku anataka afungwe maisha.

Mama Watatu (Thika) anajibu:

Namheshimu Mzee wa Erio, lakini kwa nyumba yenye vijana mimi ningeanza na Papa Shirandula, komedi ya kituo cha Citizen, na nina sababu zaidi ya kucheka.

Wanaoikumbuka wanajua kiini chake. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko, huondoka nyumbani asubuhi akiwa amevaa suti, na mkewe Wilbroda anaamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisi, kumbe huko aendako ni soja wa lango na sare yake inamngoja. Kila kituko kinachofuata kinazaliwa na uongo huo mmoja: mgeni wa kutoka kijijini anayetaka kupelekwa ofisini, mke anayetaka kujua cheo kimepanda lini, bosi anayempigia kelele mahali ambapo jirani anaweza kusikia. Ni komedi ya familia kwa maana kamili, kwa sababu yule mtu hadanganyi ili aibe; anadanganya kwa kuwa anataka kuheshimiwa ndani ya nyumba yake.

Tulipokuwa tukiitazama, mtoto wangu wa kwanza, akiwa na miaka kama 12, aliuliza kwa nini Papa asimwambie mkewe ukweli tu. Sikuwa na jibu la haraka. Mume wangu, aliyekuwa akicheka kuliko sote, alinyamaza kidogo, kisha akawaambia watoto jambo ambalo hadi siku hiyo nililijua mimi peke yangu: kwamba aliwahi kupunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, na kwamba kwa majuma kadhaa aliendelea kunyoosha shati, kufunga tai na kuondoka saa kumi na mbili na nusu, akishinda maktaba na kwenye bustani za mjini, kwa sababu hakujua angeniambiaje. Watoto hawakumcheka. Yule mdogo aliuliza kama huko bustanini alikuwa na chakula cha mchana. Sidhani kama mazungumzo hayo tungeyafikia kwa njia nyingine yoyote, kwa kuwa mzazi hawezi kuwaita watoto mezani na kutangaza kwamba leo tutazungumza juu ya aibu.

Tena kuna Awinja, yule msichana wa kazi nyumbani kwa Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Vike. Kabla yake, wasichana wa kazi katika vipindi vingi walikuwa watu wa kupita na sinia la chai. Awinja alikuwa na maoni, alikuwa na umbea, alikuwa na ndoto zake, na kuna siku mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mdogo mbele yake. Dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani wakati huo alikuwa na mazoea ya kutazama akiwa amesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi, tayari kuitwa. Ni Awinja aliyemketisha. Wanangu ndio waliomwita, wakimwambia kwamba hawezi kumcheka Awinja vizuri akiwa wima, na tangu hapo kiti kile cha pembeni kikawa chake, hata siku ambazo tulitazama mambo mengine. Nakuuliza, Kitindamimba, na ninauliza kwa upendo: siku hiyo ya Krismasi, huyo anayemsaidia mama yenu kupika atakuwa ameketi wapi?

Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020 kwa Korona, wakati ambao hata mikusanyiko ya mazishi ilikuwa imewekewa mipaka. Sisi tulimwomboleza sebuleni kwa kurudia vipindi tulivyovipenda. Kwa hiyo mkiiweka siku hiyo, mjue kwamba wakubwa wanaweza kucheka huku wakipangusa macho.

Mwana wa Tanga anajibu:

Majirani, naomba nami nichangie kutoka upande huu wa mpaka, ingawa hadithi yetu ni tofauti kidogo.

Zanzibar walikuwa na runinga, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Tanzania Bara tulikaa bila kituo chochote cha nyumbani hadi vituo binafsi, ikiwamo ITV, vilipoanza katika miaka ya 1990. Kwa hiyo ukimuuliza mzazi wangu ni kichekesho gani kiliikusanya familia, atakutajia redio. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, wale matapeli wawili ambao kila mbinu yao iliishia kuwageukia wenyewe, walisikilizwa baraza zima, redio ikiwa dirishani na watu wakiwa wamekaa nje. Baba hadi leo anaweza kuwaiga wote wawili kwa sauti zao, na wajukuu wanamwomba afanye hivyo bila kuwa wamewahi kukisikia kipindi chenyewe hata siku moja.

Runinga ilipokuja, kwetu ikawa ni vikundi vya vichekesho zaidi kuliko komedi ya familia moja inayoendelea wiki hadi wiki. Kikundi cha Ze Comedy kilipoanza kwenye kituo cha EATV katika mwaka 2006, kisha kikahamia kituo cha TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, mtaa ulitulia, na kesho yake kila mtoto shuleni alikuwa Joti au Masanja, wachekeshaji wa kikundi hicho. Lakini mtu wa nyumbani kwetu hasa ni mchekeshaji Mzee Majuto, Amri Athumani, kwa kuwa ni wa Tanga na tunamwona wetu hata baada ya kufariki Agosti 2018. Filamu zake ndizo huwekwa Sikukuu ya Idi baada ya pilau, wakati watu wameshiba na hakuna anayetaka kuinuka. Anazunguka na suruali yake iliyopandishwa hadi tumboni, anagombana na kila mtu, na mama yangu, ambaye kwa kawaida hapendi kelele, anajibizana naye kana kwamba yumo chumbani.

Nikushauri kitu kimoja. Mwache mama achague mwenyewe. Wewe umeulizwa uchague, ni kweli, lakini mtu mzima anapochagua, anapata pia nafasi ya kueleza kwa nini, na maelezo hayo wakati mwingine yanapita kipindi chenyewe kwa utamu.

Shemeji wa Kisumu anajibu:

Nimefurahi kuwasoma, ila ningependa kuweka tahadhari moja ambayo naona wengi wameipita.

Mimi ni Mkamba niliyeolewa kwa Wajaluo, na sebule yangu siku ya sikukuu huwa na watu wa pande zote mbili, pamoja na mke wa shemeji yangu ambaye ni Mkalenjin. Komedi zetu za zamani za Kenya zilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lafudhi. Majina yenyewe yanakutangazia mtu ametoka wapi kabla hajafungua mdomo: Masaku, Makokha, Ondiek Nyuka Kwota, Masanduku arap Simiti. Nimecheka na hao wote na sitajifanya kuwa sikucheka. Lakini kuna tofauti kati ya kumcheka Ojwang kwa kuwa ni mzee mjanja aliyenaswa, na kumcheka kwa kuwa anasema kama watu wa kwao, na tofauti hiyo huonekana haraka sana pale ambapo mtu wa kwao ameketi kando yako na sahani mkononi.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 na ghasia za kikabila zilizofuata, kuna vichekesho ambavyo mimi na mume wangu tuliviacha bila kupeana ilani yoyote. Si vyote. Vitimbi tuliendelea nayo, kwa sababu pale kila kabila lilikuwa na mjinga wake na mwerevu wake, na kwa sababu yule aliyelibeba jukumu la Mjaluo hakuwa Mjaluo, jambo ambalo kwetu lilipunguza makali. Vile tulivyoviacha ni vile ambavyo mtu wa jamii fulani hakuwa na kazi nyingine ila kuwa mchoyo, au mwizi, au asiyeoga.

Kuna upande mwingine pia. Wanangu wamezaliwa mjini na wanazungumza Sheng, lugha ya mchanganyiko ya vijana, na lafudhi ambazo kwetu ni nusu ya kichekesho, kwao ni sauti ya babu tu. Mwanangu aliwahi kutazama dakika kumi akiwa makini kabisa, kisha akauliza ni lini kitaanza kuchekesha, kwa kuwa kwake yule mzee alizungumza kawaida, kama babu yake wa Kano. Nilicheka kuliko nilivyocheka kwa kipindi chenyewe. Kwa hiyo, Kitindamimba, kabla ya siku hiyo tazama peke yako kipindi kizima unachokusudia kukiweka, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiwawazia mashemeji wote watakaokuwapo.

Mjukuu wa Likoni anajibu:

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba niwasemee wajukuu, kwa kuwa mmetujadili sana na hakuna aliyetuuliza.

Mimi nina miaka 21. Sisi hatuchukii kukaa na wazee. Tunachochoka nacho ni kuketishwa mbele ya kumbukumbu za watu wengine na kuambiwa kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Sisi nasi tuna ya kwetu. Kwa rika langu ni Machachari, ile ya Citizen yenye akina Govi, Baha na rafiki yao Almasi wa kutoka nyumba ya kitajiri. Ilipokuwa ikionyeshwa tulikuwa wadogo, na bibi yangu aliitazama pamoja nasi kila juma, mwanzoni kwa kutuchunga, baadaye kwa sababu alitaka kujua Mama Baha atawafanya nini wale watoto. Mpaka leo nikifanya ujinga ananiita Govi, na hapo hapo najua kwamba hajakasirika sana.

Kama ningekuwa mpwa wa Anti Kitindamimba, ningeomba jioni igawanywe. Kipindi cha kwanza kiwe cha bibi, na sisi simu tuziweke kwenye kapu bila kunung'unika. Kipindi cha pili tuchague sisi, na wakubwa nao wasiinuke kwenda kupiga gumzo jikoni wala wasiulize kila dakika huyu ni nani. Mnisamehe, ila wakubwa hamwezi kukaa kimya kuliko sisi.

Kitindamimba anajibu:

Asanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote kwa simu jana usiku, na ameyachukulia kwa uzito kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu Vioja Mahakamani na adhabu ya kuosha vyombo, mama amekubali papo hapo na ameongeza kwamba yeye ndiye atakuwa mahakama ya rufani. Wazo la Mwana wa Tanga la kumwachia achague limezaa mambo: ametaka kipindi chochote cha Vitimbi ambacho Ojwang anadaiwa pesa, na nilipomuuliza kwa nini hicho, akanieleza kwamba kuna mwaka baba alichukua mkopo kumlipia kaka nauli na stakabadhi za kwenda kutafuta kazi, akamficha yeye kwa mwezi mzima, na akajifichua mwenyewe kwa kucheka mno mahali ambapo hapakuchekesha. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuisikia habari hiyo, na nina hakika kaka naye haijui.

Kwa Mama Watatu: msaidizi wa mama ataketi nasi. Umeuliza swali ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa ameliuliza, na tumeamua kwamba chakula cha jioni hiyo kitapikwa mapema, sufuria zifunikwe, na asiwepo mtu jikoni kipindi kikiwa kinaendelea. Papa Shirandula tutaiweka usiku wa pili, wadogo wakishalala, kwa kuwa nadhani kuna mashemeji wawili watatu ambao wana ya kusema. Kwa Mjukuu wa Likoni: zamu ya vijana imekubaliwa, na Machachari imepita bila kupingwa. Shemeji wa Kisumu, nitatazama vyote peke yangu kwanza, nakuahidi.

Limebaki jambo la kaka wa Doha, ambaye mwaka huu hatapata ruhusa ya kurudi. Tumtie vipi katika jioni hiyo?

Dereva wa Ghuba anajibu:

Dada, mimi ni Mkenya, na niliwahi kufanya kazi Doha kwa muda kabla ya kuhamia Muscat, kwa hiyo hilo nalijua.

Kwanza, Doha na Nairobi zina saa zile zile, hivyo hutakuwa na taabu ya kuhesabu. Mimi hapa Muscat ndiye niliye mbele kwa saa moja. Pili, Krismasi si sikukuu ya serikali kule, na kaka yenu huenda akawa kazini siku hiyo yenyewe. Ulizeni zamu yake mapema. Siku ya mapumziko ya watu wengi huko ni Ijumaa, kwa hiyo Ijumaa jioni iliyo karibu na Krismasi inaweza kumfaa zaidi kuliko tarehe 25.

Tatu, msijaribu kumwonyesha runinga yenu kupitia simu. Nimelifanya hilo na familia yangu: picha inakatika, sauti inarudi mara mbili, na unaishia kutazama dari. Vipindi vingi vya zamani vya KBC vimewekwa YouTube, basi mtumieni anwani ya kipindi hicho hicho, akifungue mwenyewe kwenye simu nyingine au kompyuta, mhesabiane na kubonyeza pamoja. Simu ya video ielekezeni kwa watu, hasa kwa mama, na sauti ya kipindi upande wake aipunguze ili asikie ninyi mnavyocheka.

Nne, na hili ni kwa ajili ya mama: rekodi za zamani zina sauti ndogo na yenye mkwaruzo, na runinga nyingi za kisasa zile bapa hazina spika za maana. Tafuteni spika ya nje, hata ile ndogo ya kuchaji, na muiweke upande wa sikio lake linalosikia vizuri. Ijaribuni siku moja kabla, kwa sababu ukianza kutafuta waya wageni wakiwa wameketi, vijana watakuwa wamesharudi kwenye simu zao.